Mume wangu anataka tuende harusini Tanga kwa viti vya bure vya ndege za jeshi

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nimeolewa na Mkenya ambaye sasa ni raia wa Marekani na sajenti katika jeshi la nchi kavu la huko, na tunaishi Fayetteville, North Carolina, pamoja na watoto wetu watatu: mvulana wa miaka 14 na wasichana wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 5. Watoto wote wana pasipoti za Marekani, lakini mimi bado natumia pasipoti yangu ya Tanzania pamoja na grini kadi.

Mdogo wangu wa mwisho anaolewa katikati ya mwezi wa Julai. Akdi itafungwa siku ya Ijumaa baada ya swala, na shughuli ya akina mama itakuwa Jumamosi. Mama yangu hajapata kumpakata huyu mtoto wa miaka 5, humwona kwenye simu tu, na mara ya mwisho alipomshika yule wa pili, mtoto alikuwa hajaota meno. Kwa hiyo safari hii siyo ya harusi peke yake, na mwenyewe unaweza kuona kwa nini siko tayari kuikosa.

Tumejiwekea akiba ya dola 6,400, na kila mwezi tunaweza kuongeza dola 250. Mchango wa harusi tumekwisha kuutuma, na fedha za matumizi ya Tanga nimezitenga kando. Wakala wa tiketi ametupa bei ya Julai, kwenda na kurudi kupitia Doha: dola 1,750 kwa mtu mzima na dola 1,350 kwa mtoto wa chini ya miaka 12. Mvulana wetu anahesabiwa mtu mzima, kwa hiyo sote watano tunahitaji dola 7,950.

Mume wangu ameniambia tusinunue. Mwenzake kazini alikwenda Ujerumani na mkewe kwa ule utaratibu wa Space-A, ambao unawaruhusu wanajeshi walio likizoni na familia zao kukalia viti vinavyobaki katika ndege za jeshi, na inasemekana hawakulipa kitu ila boksi la chakula. Tangu asikie habari hiyo, mume wangu amepanga kila kitu: tuendeshe gari mpaka Baltimore, tungojee nafasi ya kwenda Ramstein, kambi ya ndege za jeshi la Marekani huko Ujerumani, kisha kutoka Frankfurt tununue tiketi za kwenda Dar es Salaam na kurudi kwa takriban dola 900 kila mmoja. Anasema tutabakiza karibu dola 3,500.

Mimi naogopa. Miaka miwili iliyopita tulijaribu kwenda Hispania kwa njia hiyohiyo, tukangoja siku tatu kituoni na watoto wakilala juu ya mabegi, kisha tukarudi nyumbani bila hata kuiona ndege kwa karibu. Yeye anasema tulikosa bahati kwa sababu ilikuwa Julai na watu walikuwa wengi. Likizo yake ni ya siku 20. Tumelizungumza jambo hili mpaka sasa tunalikwepa, na chakula cha jioni kinaliwa kimya. Je, mimi ndiye mwoga ninayepoteza fedha za watoto, au yeye ndiye asiyeona hatari?

Mama wa Watatu, Fayetteville

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hongereni kwa harusi, na mpe pole mumeo, maana mtu anayetafuta namna ya kuwafikisha watoto wake kwa bibi yao bila kuwaingiza kwenye madeni hastahili kuonekana mzembe. Utaratibu anaouzungumzia ni wa kweli na ni halali yake. Mimi na mume wangu, ambaye ni mstaafu wa jeshi hilohilo, tumeutumia mara nyingi, tukavuka bahari bila kulipa nauli, na ninaupenda. Kwa sababu ninaupenda, sitaki uwaharibie shughuli.

Kwanza nikueleze jinsi foleni ile inavyokwenda, kwa sababu nadhani mwenzake mumeo alimsimulia safari bila kumsimulia foleni. Abiria hugawanywa katika makundi sita. Kundi la kwanza ni la wenye dharura, kwa mfano msiba au ugonjwa mkubwa katika familia. Mwanajeshi aliye katika likizo ya kawaida, pamoja na mke na watoto anaosafiri nao, huingia kundi la tatu. Sisi wastaafu tuko la sita, yaani mwisho. Ndani ya kundi moja, anayetangulia ni aliyejiandikisha mapema, lakini mwanajeshi aliye kazini haruhusiwi kujiandikisha kabla likizo yake haijaanza, na ndiyo maana utawaona wengi wakituma maombi yao dakika ya kwanza baada ya saa sita ya usiku. Ratiba za ndege hutolewa saa 72 tu kabla ya safari, na idadi ya viti inayotangazwa inaweza kubadilika mpaka abiria wanapoitwa majina, kwa kuwa mizigo ya jeshi na watu wanaosafiri kikazi hutangulia daima. Hata aliyekwisha kupanda anaweza kushushwa katika kituo cha njiani akitokea mtu wa kazi anayehitaji kiti chake.

Sasa fikiria familia ya watu watano katika foleni hiyo. Nitakusimulia nililoliona kwa macho yangu katika kambi moja ya pwani ya mashariki. Kulikuwa na baba mmoja kijana, mkewe na watoto wanne. Walipoitwa, karani akawaambia kwamba viti vilivyobaki ni vitano, akauliza kama wako tayari kugawanyika. Yule baba aliikunja fomu yake ya likizo mara mbili, akaikunjua, akamtazama mkewe. Mkewe akatikisa kichwa. Wakarudi pembeni na mabegi yao, na baada yao tukaitwa sisi wazee wawili wa kundi la mwisho, tukapanda. Hatukuwa tumewapita kwa cheo wala kwa haki. Tulikuwa wawili tu, na wao walikuwa sita. Niliketi katika kile kiti cha kukunjua kilichopangwa ubavuni mwa C-17, ndege kubwa ya mizigo ya jeshi, nimevaa viziba masikio na blanketi magotini kwa sababu ndege zile zina baridi na kelele nyingi, na njia nzima nilikuwa namfikiria yule mama. Sisi tulikuwa hatuna tarehe. Tungekosa siku ile, tungelala, tungejaribu kesho na keshokutwa.

Nyinyi mna Ijumaa ya akdi, na ni ya Julai. Hapo mumeo amekwisha kujijibu mwenyewe aliposema kwamba safari ya Hispania ilishindikana kwa sababu ya mwezi huo. Majira ya kiangazi ndipo jeshi la Marekani linapowahamisha watu wengi zaidi kutoka kituo kimoja kwenda kingine, na familia zao hujaza zile ndege za kukodi ziitwazo Patriot Express, ambazo ndizo zinazotoka Baltimore kwenda Ramstein. Hazilipishi nauli, ni ada ndogo tu ya kodi za abiria, na viti vyake ni kama vya ndege ya kiraia, kwa hiyo kila mwenye watoto huzikimbilia.

Tuje kwenye pasipoti yako, ambayo naona nyote wawili mmeipita haraka. Mumeo na watoto wataingia Ujerumani kwa pasipoti za Marekani bila viza. Wewe mwenye pasipoti ya Tanzania unahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwamo, hata kama una grini kadi, na kitambulisho chako cha mke wa mwanajeshi hakiwi badala yake, kwa kuwa ukishuka Ramstein na kutoka nje kwenda Frankfurt umeingia Ujerumani. Tena iwe viza ya kuingia zaidi ya mara moja, maana utaingia ukienda Tanzania na utaingia tena ukirudi. Ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, lakini ada siyo tatizo kubwa. Ubalozi utataka kuona bima ya safari na mpango wa safari wenye tarehe, na msafiri wa viti vinavyobaki hana tarehe ya kuonesha. Ukifika kituoni bila viza hiyo, hutapandishwa, hata kama viti vitano vipo. Usije ukaharakisha kuomba uraia wa Marekani kwa ajili ya jambo hili, kwa kuwa sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kubaki na uraia wa nchi mbili, na uamuzi wa namna hiyo unastahili sababu nzito kuliko nauli.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo iliyomvutia mumeo. Tiketi tano za Frankfurt kwa dola 900 ni dola 4,500, na kweli hiyo ni pungufu ya dola 7,950. Lakini bei hiyo ya 900 ni ya mtu anayenunua mapema, akijua siku ya kuondoka, na nyinyi hamtaijua siku hiyo mpaka mtakapokuwa mmekwisha kutua Ramstein. Tuseme hata hivyo mmeipata. Mnarudi kutoka Tanga, mnafika Ramstein, siku zinakwisha na viti havipo. Mwanajeshi hawezi kumwambia kamanda wake kwamba ndege ilijaa. Likizo ikiisha kabla hajarudi, amekuwa mtoro kazini, na kanuni zenyewe zinamtaka msafiri awe na uwezo wa kujilipia nauli ya kurudi. Mtanunua tiketi tano za kwenda Marekani za siku hiyohiyo. Zikiwa dola 700 kila moja, na mwezi wa Julai sitashangaa zikizidi, hizo ni dola 3,500. Jumlisha na zile 4,500: ni dola 8,000, yaani dola 50 zaidi ya tiketi za Doha, na bado hatujahesabu petroli ya mwendo wa saa sita mpaka Baltimore, maegesho ya gari kwa siku 20, hoteli za kungojea na gari la kuwavusha zaidi ya kilomita 100 kutoka Ramstein mpaka Frankfurt.

Hili ndilo ninalotaka mumeo alisikie kutoka kwangu kwa upole: kiti kile cha bure kinamfaa mtu aliye na nauli kamili mkononi na siku za kupoteza. Mwenye hivyo viwili akikosa kiti, amechelewa tu. Mwenye dola 6,400, watoto watatu na akdi ya Ijumaa, akikosa kiti amekosa harusi, au amekwama Ujerumani bila fedha ya kumrudisha kazini. Mwenzake alikwenda yeye na mkewe, hawakuwa na watoto wa kuwalaza juu ya mabegi, na sijasikia ukisema kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa akiwasubiri siku maalumu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ununue tiketi nne kwa akiba mliyo nayo, na uzinunue mwezi huu kabla bei ya Julai haijapanda: wewe, mvulana na wasichana wawili. Tiketi mbili za dola 1,750 na mbili za dola 1,350 ni dola 6,200, na zinabaki dola 200. Kupitia Doha huhitaji viza ya Schengen, na habari ya pasipoti yako inaishia hapo. Fikeni angalau siku nne kabla ya akdi, kwa sababu kutoka Dar es Salaam mpaka Tanga bado kuna safari ndefu ya basi, na watoto watakuwa wamechoka.

Mumeo ndiye atakayejaribu Space-A, peke yake. Najua hili halikuwa wazo lenu, na huenda likamuuma kuwatanguliza, lakini lipime vizuri. Mtu mmoja hupata kiti pale ambapo watano wangerudishwa. Yule karani hatamuuliza kama yuko tayari kugawanyika. Ana pasipoti ya Marekani, hivyo Ujerumani haimzuii. Anaweza kujiandikisha siku ya kwanza ya likizo katika vituo kadhaa kwa wakati mmoja, Baltimore, Dover, McGuire na Charleston, na siku hiyohiyo akajiandikisha Ramstein kwa ajili ya kurudi, jambo ambalo wageni wengi wa utaratibu huu husahau. Na wewe ukiwa tayari Tanga na watoto, hakuna kiti chochote duniani kinachoweza kukukosesha harusi ya mdogo wako.

Fedha yake itatoka wapi? Dola 200 zilizobaki pamoja na 250 za kila mwezi kwa miezi mitano ni dola 1,450 ifikapo Julai. Zinatosha tiketi ya Frankfurt ya dola 900, na zinabakisha dola 550 za tiketi ya kawaida ya kumrudisha Marekani ikibidi; hazifiki zile 700 nilizokisia, kwa hiyo jibaneni mjazie dola 150 zilizopungua. Zisiguswe kwa jambo jingine lolote. Kabla hajaondoka, kaeni mkubaliane mipaka miwili na kuiandika: akiwa hajatua Ulaya siku ya tatu ya likizo, anarudi nyumbani, na mtamfungulia simu aione akdi, na akiwa Tanga, anaaga mapema ili awe Ramstein siku tano kabla ya likizo kuisha. Nimehesabu kwamba atabaki na siku tisa au kumi za kukaa na wakwe zake. Siyo nyingi, lakini ni zake, na hatazitumia akitazama ratiba ya ndege kwenye simu.

Yapo mambo mawili madogo ya kuangalia. Raia wa Marekani hulipa dola 100 za viza ya Tanzania, kwa hiyo watoto watatu na baba yao ni dola 400, na sikuziona katika hesabu zenu. Ila mumeo ni mzaliwa wa Kenya, na Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili; akiwa bado ni raia wa Kenya, yeye na watoto wanaweza kuwa na haki ya pasipoti za Kenya, ambazo huingia Tanzania bila viza. Aulize kwanza kikosini kwake, kwa maana mwanajeshi mwenye idhini ya kuona mambo ya siri hapaswi kuchukua pasipoti ya nchi nyingine kimyakimya.

Na kama anataka watoto waonje ndege za jeshi, ambalo ni jambo zuri na watalikumbuka, mtafute wiki isiyo na mgeni anayewasubiri. Oktoba, Novemba, au kuanzia mwisho wa Januari mpaka Machi, foleni huwa fupi zaidi. Nendeni popote ndege inapokwenda, iwe Rota ya Hispania, Ramstein au visiwa vya Azores, mkiwa na nauli ya kurudi benki na viza yako mkononi, na mkikosa siku ya kwanza, mlale hotelini, siyo juu ya mabegi.

Umeniuliza nani mwoga na nani asiyeona hatari. Wewe uliiona tarehe, yeye aliiona bei, na nyote mmeona sawasawa, ila mlikuwa mkizungumzia safari mbili tofauti kana kwamba ni moja. Jioni hii, watoto wakishalala, mwekee mbele karatasi yenye zile hesabu za dola 8,000 na 7,950, umwache azipige mwenyewe kwa kalamu yake. Usimkumbushe Hispania. Kisha mwombe kesho asubuhi aende kuomba likizo yake kwa maandishi, kwa sababu bila tarehe ya kuanza likizo hata hicho kiti kimoja hakina pa kuandikiwa, na wewe umpigie wakala wako simu.